Mchumba Asiye na Anwani

Wizi wa kutumia barua haukuanza na kompyuta. Katika karne ya 19 watu wengi wa Ulaya na Amerika walipelekewa barua za tajiri aliyedaiwa kufungwa gerezani Hispania, ambaye angemlipa maradufu kila amsaidiaye kutoka. Katika miaka ya 1980 barua za ukoo huo zilienea kwa posta kutoka Nigeria, zikapata jina la 419 kutokana na kifungu cha sheria ya jinai ya nchi hiyo. Tanzania nayo ina mtindo wake mfupi: ujumbe wa simu usemao kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii, kana kwamba mpokeaji alikwisha kuahidi. Kilicho kipya ni wepesi wa chombo. Barua moja huweza kufika kwa watu elfu kwa gharama isiyotosha stempu moja, na mashine ya kutafsiri humpa mwandishi lugha ambayo pengine hajui hata neno lake moja.

Lugha ya mashine ndiyo iliyobisha hodi kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Pasua, upande wa kusini wa mji wa Moshi. Alikuwa mjane wa miaka 67, na miaka 34 ya maisha yake aliitumia kufundisha Kiswahili. Mwandishi wa barua pepe ile alijitambulisha kuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa kazini Syria, mjane pia, mwenye binti mmoja na moyo mpweke. Picha ilionyesha mtu mwenye mvi nzuri na medali kifuani. Jeshi la Marekani limekuwa likiwaonya watu kwa miaka mingi kwamba picha za askari wake huibwa kwa kazi hiyo. Walakini Moshi ni mji wanaopita wageni kila siku kwenda kuupanda mlima, na ndoa kadhaa za kweli zimeanzia njiani humo. Hadithi ya mchumba wa mbali haitupwi huko kabla ya kusikilizwa.

Mwalimu hakuitupa, bali aliisahihisha. Daktari aliandika, “Nakosa wewe sana asali yangu.” Jibu lilikwenda hivi: “Umenikosa kwa jiwe, kwa mshale au kwa risasi? Ikiwa ulinilenga ukanikosa, namshukuru Mungu. Ikiwa una hamu nami, sema hivyo. Asali yangu imo chupani, jikoni. Alama 4 kwa 20. Rudia.”

Daktari alirudia.

Yamkini msomaji ataona kwamba huo ulikuwa upuuzi wa mtu mzima asiye na kazi. Kazi alikuwa nayo. Jirani yake, mwanamke muuza mitumba katika soko la Pasua, mwaka uliotangulia alimtumia mchumba wa namna hiyo shilingi milioni 2 na laki 3, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa ya kikundi chao cha kuweka na kukopa. Deni alilipa kidogo kidogo, aibu haikulipika. Wenzake walinyamaza alipopita, au yeye alidhani wamenyamaza, na mambo hayo mawili huumiza sawasawa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilikuwapo, lakini kwenda polisi kulitaka barua za mapenzi zisomwe mezani mbele ya vijana wa umri wa wanawe. Hakwenda. Basi kila Jumamosi jioni Mwalimu alimwita barazani kwake akamsomea barua za daktari na majibu yake, na jioni ya tatu mwanamke yule alicheka mpaka akashika nguzo.

Tena mchezo huo una hoja. Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alieleza kwa nini barua za matapeli huwa za kipumbavu waziwazi. Kuandika kwa maelfu ni rahisi. Kilicho ghali ni siku na majuma ya kumbembeleza aliyejibu. Kwa hiyo barua ya ajabu huwafukuza werevu mapema, ikambakiza yule tu anayeweza kulipa. Aonekanaye mjinga ilhali si mjinga, ajibuye ilhali hatalipa, ndiye hasara kubwa ya biashara hiyo. Kwa hesabu hiyo, kila saa daktari aliyomwandikia Mwalimu ilikuwa saa asiyomwandikia muuza mitumba mwingine.

Na saa zake zilikuwa nyingi. Alipotaja ndoa, aliambiwa kwamba binti wa Kilimanjaro, hata akiwa na wajukuu, haposwi bila mshenga. Alipokubali kuleta mshenga, baba mkubwa wa Kibosho aliuliza kama mchumba ana kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Daktari alijibu kwa fahari, “Nina kihamba nyingi katika benki ya London.” Alipata alama 6, na maelezo kwamba ni vihamba vingi, tena havikai benki. Aliulizwa mitungi ya mbege ataileta kwa chombo gani. Alijibu kwamba mbege yote imo katika sanduku lililofungwa kwa usalama, pamoja na dhahabu, na kwamba sanduku limezuiliwa forodhani kwa ajili ya ada ya dola 1,200.

Hapo ndipo mpwa alipozaliwa. Mwalimu aliandika kwamba yeye haamini mambo ya kutuma fedha kwa simu, kwa hiyo amempa mpwa wake taslimu aende nazo Dar es Salaam kwa basi. Basi liliharibika Himo. Lilipotengenezwa, mpwa alishuka Same kula, likamwacha. Mombo alishikwa na homa. Korogwe alikutana na rafiki wa zamani. Baada ya majuma tisa daktari aliifahamu barabara ya kwenda pwani kuliko watu wengi waliozaliwa kando yake, na barua zake zilianza bila asali wala moyo: “Mpwa amefika wapi?” Mwalimu alimjibu kwamba yuko karibu kuondoka Korogwe, na baada ya hapo ni Chalinze, na Chalinze ni kama amefika.

Usiku uliofuata ilikuja barua ya mistari mitatu.

“Shikamoo Mwalimu. Mpwa wako asifike Chalinze. Usitume kitu.”

Jirani aliposomewa alisema, “Mwalimu, huyo amebadilisha ndoano tu.” Huenda ilikuwa hivyo, na aliyeumwa mara moja ana haki ya kusema hivyo. Lakini Mwalimu aliishika barua ile kama mtu ashikaye karatasi ya mtihani yenye mwandiko wa pili. Ngeli zilikaa mahali pake. Juu ya hayo palikuwa na neno la kwanza. Hapana mashine imwambiayo mpenzi shikamoo, wala hapana mchumba aamkiaye hivyo. Neno hilo hutoka kwa mtoto aliyelelewa na mtu.

Jambo hili si la kubuni tu. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wengine kama 100,000 nchini Kambodia, walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Aghalabu walivutwa na matangazo ya kazi nzuri, wakafikishwa ndani ya kuta zenye walinzi, na asiyefikisha kiasi alichopangiwa hupigwa. Wakenya wamo katika waliookolewa, tangu 2022, na maelfu ya watu wa mataifa mengi walitolewa kwenye majengo ya mpakani mwa Thailand mapema 2025. Hao ni watu waliosoma, kwa kuwa kazi yenyewe huhitaji wajuao kuandika. Si kila daktari wa Syria ni mfungwa. Wengi ni wezi wenye hiari na usingizi mzuri. Ila mchezo wa Mwalimu ulijengwa juu ya dhana kwamba upande wa pili yuko mwizi peke yake, na dhana hiyo ilipata ufa.

Asubuhi daktari alirejea na Kiswahili chake cha zamani, akiuliza habari za Chalinze. Kumjibu kwamba sasa amejua kila kitu kungekuwa kumtoa aliyeonya. Kunyamaza ghafula kungeweza kufanya vivyo hivyo. Mwalimu, ambaye siku zote alishikilia kwamba uongo wa barua zake ulikuwa mzaha, alijikuta anautunza kama siri ya mtu mwingine. Aliandika kwamba mpwa amepata kazi ya muda katika duka la rafiki yake, fedha ziko salama, na kwamba katika familia yao vijana hufundishwa kumwitikia “marahaba” kila anayeamkia, hata kama hawamwoni. Sentensi hiyo haikuhusu duka wala fedha, na daktari hakuuliza ina maana gani.

Ile barua ya mistari mitatu Mwalimu aliinakili katika daftari, akaisahihisha kwa wino mwekundu kama zilivyosahihishwa nyingine. Ilipata 17 kwa 20. Alama tatu zilikatwa kwa sababu mwandishi hakuweka anwani yake juu, upande wa kulia, kama wanafunzi wote wanavyofundishwa.

Jirani bado huja Jumamosi, na huuliza habari za mpwa kabla hajaketi. Mpwa yuko Korogwe.