Namba Tatu Apewe Ngapi?

Ijumaa jioni barazani kwangu Koboko hapakaliki. Wajukuu na wenzao wanajazana, simu mkononi, bando wameichanga kama watu wanaochanga mahari. Hawagombanii shamba wala mchumba. Wanagombana kama unahodha wa wiki apewe Haaland au Saka, maana alama za nahodha huzidishwa mara mbili, na aliyekosea nahodha Jumatatu hupita stendi ya bodaboda ameinamisha kichwa.

Mchezo wenyewe ni ule wa kubuni wa Ligi Kuu ya Uingereza, ulioanza msimu wa 2002/03. Unapewa pauni milioni 100 za hewani, unanunua wachezaji 15, wasizidi watatu wa klabu moja, kisha unakaa kungoja watu wa mbali wakukimbilie huku wewe unamenya muhogo. Kwa muda mrefu niliudharau. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mtu anayehesabu mali asiyokuwa nayo nilizoea kumpeleka ubaoni arudie hesabu.

Siku moja mvua ilinizuia ndani, nikamwomba mjukuu wangu wa kike, ambaye ndiye katibu wao, anisomee jinsi alama zinavyogawanywa. Mshambuliaji akifunga, 4. Kiungo, 5. Beki, 6. Timu isipofungwa, kipa na mabeki wanapata 4 kila mmoja. Kipa akiokoa mashuti matatu ana 1, akipangua penalti ana 5. Kadi ya njano inakula moja, nyekundu tatu, kujifunga mbili. Kisha akasoma jambo lililoingia msimu wa 2025/26: beki akifikisha mara 10 za kukaba, kuzuia shuti, kunasa pasi na kuosha mpira, anaongezwa 2.

“Rudia hapo,” nikamwambia.

“Babu, akiosha tu anapata.”

Nilicheza beki, namba tatu, miaka tisa. Katika miaka hiyo sikumbuki mtu mmoja aliyenishukuru kwa kuosha. Nilikumbukwa siku nilipoteleza.

Kizazi chetu kilikuwa na hesabu fupi. Machi 1978, Uganda ilipofika fainali ya Kombe la Afrika kule Accra, tulikuwa watu wengi kwenye redio moja, betri tumezianika juani asubuhi ili zipate nguvu. Tulikuwa tumeitoa Nigeria 2-1 kwenye nusu fainali. Ghana wakatufunga 2-0, yote mawili ya Opoku Afriyie. Hadi leo ukimwamsha mzee wa rika langu usiku wa manane atakutajia Phillip Omondi na mabao yake 3 ya mashindano yale. Muulize nani alikaa golini. Atakuna kichwa kabla ya kumtaja Paul Ssali, kama atamtaja.

Na haikuwa mpira tu. Tusidanganyane. Hapa kwetu, zama za Amin, kijana alihesabiwa kwa nyota begani. Aliyeingia jeshini alipewa kiti cha mbele msibani, hata kama mchango wake kwa marehemu ulikuwa vumbi la gari lake. Aliyebaki kulima tumbaku na kusomesha wadogo zake hakuwa na safu katika daftari la mtu yeyote. Sisi ndio tuliochagua kuhesabu hivyo, hakuna aliyetushikia kisu.

Basi siwezi kuwacheka hawa. Wao angalau wanakaa chini na kuuliza: hiki ni cha thamani gani?

Swali hilo lina wazee wake. Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia kule lilianza na besiboli. Mwaka 1980 mwandishi mmoja, Daniel Okrent, na marafiki zake waliokuwa wakila pamoja katika mkahawa wa New York uitwao La Rotisserie Française walianzisha ligi yao ya kubuni kwa vipimo 8: vinne vya wapigaji, vinne vya warushaji. Kimojawapo Okrent alikuwa amekibuni mwenyewe mwaka uliotangulia: mrushaji anawaruhusu watu wangapi kufika kituoni katika kila zamu. Nimependa hilo. Kipimo hakikuwapo, akakitengeneza. (Besiboli yenyewe sijaielewa, ingawa vijana wetu wa Lugazi waliicheza kule Williamsport mwaka 2012 katika fainali za dunia za watoto, timu ya kwanza ya Afrika kufika pale uwanjani.)

Lakini nilikuwa na donge langu. Jioni ya siku ile ya mvua niliwauliza vijana: namba tatu wa Onduparaka ni nani?

Kimya. Hawa ni vijana wanaojua goti la beki wa Brighton limepona lini. Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, Arua nzima ilihamia uwanja wa Green Light. Watu walitoka hapa Koboko kwa bodaboda na malori, wakasimama juani tangu saa sita. Muhammad Shaban wanamkumbuka, kwa sababu alifunga. Mabeki wamekwenda na upepo, na haijapita hata miaka kumi na tano.

“Babu,” mmoja akajitetea, “hakuna anayewahesabu.”

Ndipo ilipozaliwa ligi yetu. Jumapili hapa mjini zinacheza timu za vijana: ya bodaboda, ya wachinjaji, ya mafundi gereji, na moja ya watoto wa wakimbizi wa Lobule. Kila mmoja barazani angechagua wachezaji wake kutoka timu hizo, na daftari lingekuwa kwa katibu. Pesa nilikataa. Kubeti kumeshakula ada za shule za kutosha hapa. Mshindi wa msimu atachinjiwa jogoo wangu.

Kuchagua cha kuhesabu kulituchukua jioni tatu. Walianza kwa kunakili sheria za Uingereza, tukagonga mwamba palepale. Kule wana kamera kila pembe. Sisi tuna vumbi. Nani ataapa kwamba pasi ya mwisho ilitoka kwa huyu na si kwa yule? Pasi ya mwisho ikafutwa, kwa uchungu mkubwa wa viungo. Kadi nazo zikafutwa, kwa kuwa refa wetu mara nyingi hana kadi, ana mdomo. Katibu akaweka sharti: lisiloonekana na watu wawili walio pande mbili za kiwanja haliandikwi. Sheria nzuri kuliko nyingi nilizowahi kuishi chini yake.

Yaliyobaki yalikuwa haya. Bao, 5, awe nani mfungaji. Kucheza hadi filimbi ya mwisho, 2. Timu kutofungwa, 4 kwa kipa na mabeki. Kuokoa mpira kwenye mstari wa goli, 3. Kumkabili refa kifua kwa kifua kunakula 2. Mashuti anayookoa kipa yanahesabiwa na mtoto aliyekaa nyuma ya goli na maharage, anahamisha punje mfuko hadi mfuko, na kila punje tatu ni alama moja. Halafu kijana wa bodaboda akapendekeza, akidhani anatania, alama 1 kwa anayefika kabla mpira haujaanza. Ikapita bila kupingwa. Uingereza hawana hiyo, na hawaihitaji.

Jumapili ya kwanza bodaboda waliwafunga wachinjaji 2-0. Mfungaji wa yote mawili alichelewa, kisha akamsukuma refa: 10 na 2, ukitoa 2, akabaki na 10. Namba tatu wao, kijana mwembamba anayecheza na kiatu kimoja kilichoshonwa kwa waya, aliwahi, akamaliza mechi, hawakufungwa, na mara mbili aliutoa mpira mstarini. Alama 13. Hakuna aliyekuwa amemchagua. Jioni aliletwa barazani kuoneshwa jina lake, akalisoma mara mbili, akauliza kama anaweza kulipiga picha.

Nami niliwahi kuwa na daftari. Niliandika mechi zetu za Koboko na Arua, namba moja hadi kumi na moja. Oktoba 1980, vita viliporudi West Nile, nilivuka mpaka pale Oraba kuingia Kaya nikiwa na mtoto mgongoni na sufuria. Niliporudi miaka mingi baadaye, nyumba haikuwa na paa.

Katibu ameniachia kurasa nane za mwisho za daftari lake. Nimeandika majina manne tu niliyo na hakika nayo. Kama ulicheza Koboko au Arua kabla ya 1980, kwenye nafasi yoyote, pita barazani Ijumaa. Kalamu ipo.