Kompyuta Ndogo na Joto la Voi

Sioni haya tena kukiri kuwa mimi, mwalimu wa shule ya sekondari mwenye umri wa miaka thelathini na minne, hupenda kucheza michezo ya kompyuta. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nililificha jambo hili kama mtu afichaye deni, kwa kuwa wenzangu waliihesabu michezo hiyo kuwa kazi ya watoto. Leo nalisema waziwazi. Katika kuitafuta kompyuta ifaayo mchezo, na katika kuirekebisha mpaka ikanitii, nimejifunza juu ya joto na umeme mambo ambayo darasani niliyapita mbio. Tena yuko mtu mmoja nyumbani kwetu ambaye, bila ya mashine hiyo, labda hata leo nisingalijua analowaza.

Mtu huyo ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Baba alifariki mwaka 2021, mdogo wangu akiwa bado mwanafunzi. Mtihani wa KCSE alioufanya mwaka uliofuata haukumpa alama alizozitumaini, naye akanyamaza. Hakuwa na hasira wala kiburi. Alinyamaza tu, kama redio iliyokwisha mawe. Ukimwamkia ataitika, ukimtuma atakwenda, lakini neno la ziada hulipati. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimfungua kinywa, nacho ni mbio za magari, kwa sababu marehemu baba alikuwa mpenzi mkubwa wa Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953, na katika siku za zamani magari yalikuwa yakipita Taita, kwetu. Baba alituhadithia habari zake mara nyingi hata tukadhani tuliziona kwa macho yetu. Ziliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Naivasha, baba hakuwahi kuziona.

Basi nilitaka mashine ya kuchezea mbio hizo pamoja na ndugu yangu. Nilitaka iwe ndogo kwa sababu nimepanga chumba kimoja mjini Voi, na kila likizo hupanda matatu kwenda nyumbani Wundanyi, mkoba magotini. Namshauri mtu asiye na safari kama zangu anunue kompyuta ya mezani: kwa fedha zile zile atapata nguvu zaidi na adha kidogo. Anunuaye udogo hulipia udogo huo, na malipo yake hayaishi dukani.

Mwezi wa Julai 2023 nilikwenda Nairobi na shilingi 95,000, akiba ya miezi kumi na minne pamoja na mkopo mdogo wa chama. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya matakwa yangu: mashine isizidi kilo mbili, iwe na kadi ya michoro ya NVIDIA iitwayo RTX 3060, iwe na kioo kizuri. Basi. Karatasi ilikuwa fupi kama ujuzi wangu. Katika duka moja nilionyeshwa mashine iliyokwisha tumiwa, nyembamba, ya rangi ya jivu, yenye prosesa ya Intel ya mwaka 2021. Muuzaji akafungua mchezo, nao ukaenda kama maji ya mtoni. Nililipa kwa furaha. Sikujiuliza ni kwa nini muuzaji yule, na mimi, na kila mtu dukani, tulikuwa tumevaa makoti.

Msomaji, niruhusu nieleze niliyopaswa kuyauliza siku ile. Nilidhani kuwa jina la kadi ni kipimo cha nguvu yake. Sivyo. RTX 3060 ya kompyuta ya kupakata huweza kupewa na kiwanda kiundacho mashine umeme wa wati 60, au 115, au kiasi chochote cha katikati, na jina likabaki lile lile. Kwa RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, tofauti ni kubwa zaidi: huanzia wati 35 hadi 115. Wawili wanaweza kujisifu kwa jina moja, mmoja akawa na farasi na mwenziwe punda. Yangu ilikuwa ya wati 80. Hapana hila katika hilo, maana kiwanda hupima mwili wa mashine kwanza. Kila wati ya umeme iingiayo katika kompyuta hutoka ikiwa joto. Kadi yangu ina wati 80, na prosesa wati 45, jumla 125. Kumbuka zile balbu za zamani za wati 60 zilizounguza vidole: ni kama mbili za namna hiyo, nazo zimefungiwa ndani ya kitu chenye unene wa daftari.

Kosa langu la pili lilikuwa kioo. Nilivutiwa na kioo cha nukta 2,560 kwa 1,440. Ukizidisha utapata nukta zaidi ya milioni tatu na nusu, ambazo kadi hulazimika kuzipaka rangi upya kwa kila picha, na picha ni nyingi katika kila sekunde. Kioo cha kawaida cha 1,920 kwa 1,080 kina nukta milioni mbili na kidogo. Nilimnunulia punda wangu mzigo wa farasi.

Hata hivyo, likizo ya Agosti ilikuwa njema. Wundanyi iko milimani, na jioni hewa yake ni ya kuvutia blanketi. Mdogo wangu alishika kidhibiti cha mchezo, akaendesha gari katika njia ya vumbi, na usiku wa tatu akasema bila kuulizwa, "Kaka, baba alisema mahali kama hapa wao walikuwa wakizima taa ili waone taa za anayekuja mbele." Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, alisimamisha ungo mkono wake ukiwa hewani. Tangu msiba hatukuwa tumemsikia akilitaja jina la baba.

Mwezi wa Januari 2024 nilimleta Voi akae nami, atafute kibarua na kufikiri mambo yake. Voi iko chini, nyikani. Chumba changu kina paa la mabati, na saa kumi za jioni kipimajoto kilisoma nyuzi 33. Tukawasha mchezo. Kwa dakika kumi ulikwenda vizuri, kisha feni zikapiga kelele hata mama mwenye nyumba akaja mlangoni akauliza, "Mwalimu, umefungua kinu cha kusaga?" Gari likaanza kurukaruka. Picha 90 kwa sekunde zikashuka zikawa 28, zikapanda, zikashuka tena. Gari likagonga mti ambao dereva hakuwahi kuuona. Tulijaribu siku tatu. Siku ya nne mdogo wangu aliweka kidhibiti juu ya kitanda, akasema, "Tuache tu, kaka," akatoka nje kuketi peke yake chini ya mwarobaini. Nikaona mlango uliofunguka Agosti ukifungwa tena.

Usiku ule sikulala kwa kufikiri. Mashine ni ile ile, mchezo ni ule ule. Kilichobadilika ni nini? Jibu lilikuwa jepesi kiasi cha kumwaibisha mwalimu. Feni haiumbi baridi. Feni huchukua hewa iliyopo na kuifukuzia joto nje. Ikiwa hewa ya Wundanyi ni ya nyuzi 20 na ya Voi ni ya nyuzi 33, basi prosesa iliyofika nyuzi 84 kule itataka kufika 97 huku kwa kazi ile ile. Na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujiokoa: hupunguza mwendo wake ghafula, hupoa, huongeza, huunguka tena. Kuruka kwa gari letu kulikuwa mashine ikitapatapa.

Nilianza kwa ujinga. Nilichagua katika mipangilio ile hali iitwayo ya nguvu zote, nikiamini kuwa mgonjwa huponywa kwa kuongezwa chakula. Mambo yakaharibika zaidi. Ndipo nilipoipeleka kwa fundi wa redio aliye karibu na stesheni, mzee ambaye hajacheza mchezo wa kompyuta maishani mwake. Aliigeuza, akanusa mahali pa kutokea hewa, akasema, "Hii haina pumzi." Tulipoifungua tulikuta mapezi ya shaba yamezibwa na vumbi jekundu, lile vumbi liwafanyalo ndovu wa Tsavo waonekane wekundu. Alilitoa kwa brashi. Dawa iliyowekwa kiwandani kati ya prosesa na mirija ya shaba ili ipitishe joto ilikuwa imekauka kama uji wa juzi. Akaifuta, akapaka mpya. Kazi hiyo iliteremsha joto kutoka nyuzi 97 hadi 91. Ilikuwa nafuu, haikuwa kupona.

Kilichosalia kilihusu umeme wenyewe, na hapa nilimwita mdogo wangu kutoka chini ya mwarobaini. Nilimpa daftari na kalamu, nikamwambia awe mwandishi wangu wa vipimo. Alikuja kwa adabu tu.

Nguvu inayotumiwa na chombo kama hiki hufuata mwendo wake, na hufuata pia volti zake zikizidishwa kwa zenyewe. Maana yake ni hii: ukipunguza mwendo kwa sehemu moja ya kumi, umeokoa sehemu moja ya kumi ya umeme; lakini ukipunguza volti kwa sehemu moja ya kumi, umeokoa karibu sehemu mbili za kumi, na mwendo haujaguswa. Kiwanda huziweka volti juu kidogo ya mahitaji ili kila kadi ifanye kazi, ile njema na ile dhaifu. Mwenye subira anaweza kuitafutia yake kiasi chake.

Kadi yetu ilikuwa ikitumia milivolti 900. Tulishusha 25, tukacheza nusu saa. Mdogo wangu akaandika joto, wati na idadi ya picha. Tukashusha 25 nyingine. Tulipofika 775 kioo kiliganda na mchezo ukakatika, kwa hiyo tukarudi 800, tukatulia hapo. Wati 80 zilikuwa zimekuwa 63, na mwendo wa kadi ni ule ule. Mdogo wangu alichukua kalamu, akazidisha 800 kwa 800, na 900 kwa 900, akagawa, akapata kama 0.79, akaizidisha kwa 80. Jibu likawa 63. Alilitazama kwa muda mrefu. "Kumbe ni kweli," akasema.

Prosesa haikukubali dawa hiyo. Mnamo Desemba 2019 watafiti walitangaza shambulio waliloliita Plundervolt, lililoonyesha kuwa mwizi anaweza kuzichezea volti za prosesa za Intel ili kuvunja siri zilizohifadhiwa ndani, na tangu hapo mashine nyingi zimefungiwa njia hiyo. Tulizunguka. Katika mipangilio ya umeme ya Windows ipo hesabu ya kiwango cha juu cha prosesa. Tukaishusha kutoka asilimia 100 hadi 99. Tofauti ya moja haitishi, lakini huizuia prosesa kujikurupusha hadi gigahezi 4.6, ikabaki na mwendo wake wa kawaida, 2.3. Kwa mchezo wa magari ulitosha, maana mzigo mzito hubebwa na kadi. Kwa kazi nyingine ningeona uchelevu, kwa hiyo nikiandaa ripoti za shule huirudisha 100.

Mengine yalikuwa madogo. Tuliufunga mchezo usizidi picha 60 kwa sekunde, kwa kuwa picha ambazo jicho halizidai ni joto la bure. Tukashusha nukta hadi 1,920 kwa 1,080, na picha ikapoteza ukali kidogo. Mashine ilikuja na kumbukumbu ya kazi, ile waiitayo ramu, ya gigabaiti 16 katika kipande kimoja. Nikakibadilisha kwa vipande viwili vya 8. Jumla haikuongezeka, lakini njia zilikuwa mbili badala ya moja, nazo kila moja hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Angalia kabla hujanunua, maana katika baadhi ya mashine nyembamba ramu imelehemiwa, na halipo la kubadilisha. Mwisho, mdogo wangu aliokota vifuniko viwili vya soda akaviweka chini ya miguu ya nyuma ili hewa ipate kuingia. Vifuniko vile, visivyonigharimu hata senti, vilipunguza nyuzi tatu.

Jioni ya Jumamosi, chumba kikiwa cha nyuzi 33 kama kawaida, tulicheza saa moja na nusu. Picha zilikuwa 60, wala hazikuyumba. Joto lilisimama katika 83. Mama mwenye nyumba hakuja. Mdogo wangu aliendesha, nami nikamsomea kona zilizo mbele, kulia kali, kushoto polepole. Na katikati ya njia, macho yake yakiwa kwenye kioo, alianza kunieleza habari za mtihani ule, na siku aliyoyapokea matokeo, na jinsi alivyokaa nayo kutwa nzima asijue amwonyeshe nani. Nilisahau kusoma kona mbili. Tuligonga ukingo, tukaendelea.

Siku hizi daftari la vipimo ni lake. Kila baada ya miezi mitatu huifungua mashine, akaisafisha kwa brashi, na asubuhi tatu za juma huenda kwa mzee wa redio kujifunza kulehemu. Tukipanda Wundanyi huiongezea kadi mwendo kidogo. Tukishuka Voi huupunguza kabla matatu haijafika stesheni.