Chupa Katika Kidaka: Safari Yetu ya Lamu



Tulitoka Mombasa alfajiri, tukapita Malindi, Garsen na Witu, na jua lilikuwa limeanza kuinama tulipofika Mokowe. Hapo barabara hukoma na bahari ikashika njia. Mashua ilituvusha hadi gati la Lamu, na punde tulikuwa katika vichochoro ambavyo ukipishana na punda aliyebeba mawe hukubidi ujibanze ukutani. Tulikuwa wanawake wanne, tumekwenda kumjulia hali mama yetu mkubwa, aishiye na kisukari kwa miaka mingi.

Nyumba yake ni ya kale. Waingia kwa daka, wapita kiwanda kilicho wazi juu, ndipo ufike vyumba vya ndani vyenye vidaka vya chokaa. Vidaka kama hivyo zamani vilipambwa kwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka China. Safari hii, katika kidaka cha kati, tulikuta chupa tupu ya maji ya noni, na chini yake mtungi uliofungwa kitambaa mdomoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, na mwonje dawa yangu."

Chupa ile aliletewa na mwanawe afanyaye kazi Ghuba. Noni ni tunda la Kusini-Mashariki mwa Asia na visiwa vya Pasifiki. Huko matunda mabivu hutiwa chomboni yakaachwa wiki kadhaa hadi yatoe maji na kuchacha. Mama akinywa finjani moja asubuhi na moja jioni. Chupa ilipokwisha na bei ikamshinda, akaiga kwa maembe ya shambani na ukwaju. Kisha akatuambia, kwa furaha, kwamba vidonge vya hospitali alikuwa ameviacha miezi miwili.

"Maji haya ni makali," alisema. "Kitu kikali kitakuwaje na sukari?"

Sisi watu wa pwani tuna jibu la swali hilo katika minazi yetu. Tembo hugemwa likiwa tamu, na kabla ya jua kutua limekwisha kuwa la kulevya. Chachu hula sukari ya tunda na kuigeuza kileo. Baadaye, penye hewa, vijidudu vingine hukigeuza kileo kuwa siki. Kati ya mwanzo na mwisho huo, sukari nyingi yaweza kuwa imebaki, nao ukali ukaificha. Ulimi hauwezi kuipima.

Wala ulimi hautoshi kutuhakikishia uhalali. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alikuwa akirowekewa zabibu, akanywa maji yake hadi siku ya tatu, na yaliyosalia yakamwagwa. Siki ni kitoweo alichokisifu. Lakini mtungi wa wiki tatu, usiojulikana umefikia wapi, si maji ya zabibu wala si siki.

Alipoinuka kuswali Laasiri tuliona anachechemea. Alikuwa amekanyaga kombe ufuoni siku nyingi nyuma, asihisi, kwani kisukari hufisha hisia za miguu. Unyayoni palikuwa na kidonda kilichoanza kunuka. Jirani muuguzi alileta kipimo, akamtoboa kidole: 22. Asiye na kisukari, saa mbili baada ya kula, kwa kawaida hafiki 8.

Usiku ule tulimpeleka hospitali. Alhamdulillahi, mguu ulisalimika. Daktari hakumcheka. Alimweleza kwamba utafiti mwingi kuhusu noni na kisukari umefanywa kwa panya, na wa wanadamu ni mchache, hautoshi kuyafanya maji hayo badala ya dawa. Akaongeza kuwa noni ina potasiamu nyingi, nayo ni hatari kwa mafigo yaliyodhoofika, jambo ambalo kisukari hulileta mara nyingi. Kisha akamwambia kilichomgusa zaidi: metifomini, kidonge alichokiacha, chanzo chake ni utafiti wa mmea uliotumiwa zamani Ulaya. Ilianza kutumiwa kutibu kisukari Ufaransa mwaka 1957, baada ya kupimwa na kujulikana kiasi chake.

Tulipokwenda kuaga, mama aliumwaga mtungi mwenyewe. Hakumlaumu mwanawe, nasi hatukumlaumu. Aliileta chupa kwa mapenzi. Tulimwomba tu kwamba zawadi ya pili iwe kipimo cha sukari.

Dada zetu, mwenye kisukari nyumbani akianza kinywaji kipya, mwulizeni kwa upole: je, vidonge bado wavinywa? Na nyayo zake zitazameni kila siku.

Mashua ilipong'oa nanga tulikumbuka kidaka kile. Chupa imeondolewa, pamekaa paketi za vidonge, mahali palipokuwa pa kaure. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.