Mwana wa Stanford na Wana wa Wenzake

Leland Stanford alikaa na mkewe Jane karibu miaka 18 bila mtoto. Mei 1868 wakajaliwa mwana mmoja wa kiume, wakampa jina la babake. Stanford alikuwa keshatajirika. Alifika California mwaka 1852, enzi za kukimbilia dhahabu, akawauzia wachimbaji vyakula na zana. Akaingia siasa, akawa gavana mwaka 1862, huku akiwa rais wa kampuni ya reli ya Central Pacific. Mei 1869, huko Promontory, Utah, ndiye aliyeshika nyundo siku ya msumari wa dhahabu, reli ya mashariki na ya magharibi zilipokutana.

Tarehe 13 Machi 1884 mtoto huyo akafa kwa homa ya matumbo mjini Florence, Italia. Ilibaki miezi miwili atimize miaka 16. Mali yote ile, na homa haikuhongeka. Inasimuliwa kwamba katika siku zile za msiba baba alimwambia mkewe kuwa tangu sasa watoto wa California ndio watakaokuwa watoto wao. Wakatoa mashamba yao ya Palo Alto, wakajenga chuo kikuu kwa jina la marehemu. Kilifunguliwa Oktoba 1891, wasichana kwa wavulana, bila ada. Stanford, wakati huo seneta, alifariki mwaka 1893, na Jane akabaki peke yake kukipigania chuo mahakamani.

Sina shaka na machozi yao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini kila nikisoma habari za kijana yule, fikira zangu hupanda milima ya Sierra Nevada.

Huko maelfu ya vijana kutoka Guangdong, China, walitoboa miamba kwa nyundo na baruti ili reli ya Stanford ipite. Katika handaki la kileleni, kazi ya kutwa kucha ilisogeza mwamba inchi chache tu. Majira ya baridi ya 1866 kuamkia 1867 theluji iliporomoka, ikafukia watu, na maiti nyingine zikaonekana ilipoyeyuka. Nao walikuwa wana wa watu. Katika daftari za mishahara wengi wao hawamo: liliandikwa jina la kiongozi wa kikundi, yeye akapokea fedha na kuwagawia. Wachina wenzao ndio waliokusanya mifupa na kuisafirisha ikazikwe kwao. Stanford mwenyewe, katika hotuba ya kuapishwa ugavana, alikuwa amewaita Waasia watu duni.

Mtoto wa Stanford namlilia kwa moyo wote, na jina lake lingali kwenye chuo: Leland Stanford Junior University. Wale wa Sierra nawalilia pia, lakini sina jina la kuwataja. Kampuni ilikuwa na makarani, ilikuwa na daftari, na ilipaswa kuyaandika majina yao.