Balozi wa Nyumba Kumi na Balozi wa Nchi

Katika Kiswahili kama kisemwavyo hapa Tanzania, neno balozi lina watu wawili. Wa kwanza ni yule akaaye ng'ambo, ambaye gari lake hupeperusha bendera ya taifa na watu humwita Mheshimiwa. Wa pili ni mzee wa mtaani, aongozaye shina la nyumba kumi. Wageni waliojifunza lugha yetu hucheka wasikiapo kwamba vyeo viwili vilivyo mbali hivyo vina jina moja. Sisi nasi tulicheka zamani. Siku hizi hatucheki, na sababu yake ndiyo makala haya.

Mashina ya nyumba kumi kumi yalianzishwa na TANU katika miaka ya 1960. Baba yetu alikuwa balozi wa namna hiyo katika mtaa mmoja wa Muheza. Hakuwa na mshahara wala ofisi; ofisi yake ilikuwa baraza ya nyumba. Mgeni akiingia mtaani alipelekwa kwake kwanza. Mume na mke wakigombana, walimgongea usiku. Mtu akifariki, yeye ndiye aliyejua nani achimbe kaburi, nani atandike majamvi, na nani atumwe kwenda kuwaita jamaa. Sisi watoto wake tulichoka kuamshwa na hodi, tukajiapiza kwamba tukikua hatutakuwa mabalozi wa namna yoyote.

Kiapo hicho tumekitimiza, lakini utumishi wa serikali ulitupeleka karibu na balozi wa namna ya kwanza. Baada ya miaka mingi ya kutunza majalada katika masjala, tulihamishiwa katika ubalozi wetu mmoja wa Ulaya, katika nchi ya theluji. Mji hatutautaja, kwa heshima ya wafiwa ambao habari yao tutaisimulia.

Watu wengi hudhani kuwa kazi ya balozi ni karamu. Karamu zipo, wala hatuzikani. Lakini Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ambao ndio sheria ya mataifa juu ya uhusiano wa kidiplomasia, unamtajia kazi tano: kuiwakilisha nchi yake, kulinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake, kufanya mapatano na serikali ya wenyeji, kuchunguza kwa njia za halali mambo yaendeleayo huko na kuyaarifu nyumbani, na kukuza urafiki, biashara na utamaduni. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mjumbe hauawi. Mkataba huo umeliandika jambo hilo hilo kwa maneno ya kisheria: balozi hakamatwi, nyumba ya ubalozi haiingiwi bila ya idhini yake, na mfuko wa barua zake haufunguliwi. Naye kwa upande wake anapaswa kuziheshimu sheria za wenyeji na kutojiingiza katika mambo yao ya ndani.

Balozi wetu alifika ofisini kabla ya makarani. Alianza na magazeti ya nchi ile, kisha barua zilizotoka Wizarani. Kabla ya adhuhuri alikwenda Wizara ya Mambo ya Nje ya wenyeji, au alikutana na wafanyabiashara kuwaeleza habari za kahawa, korosho na karafuu zetu. Alasiri aliandika taarifa. Alizifuta na kuziandika tena, kwa kuwa neno moja lililokaa vibaya katika taarifa ya balozi laweza kuipotosha serikali nzima. Usiku ndipo zilipokuja hizo karamu, ambamo alisimama saa tatu kwa miguu iliyochoka, akisikiliza zaidi ya kusema. Aliporudi nyumbani aliandika aliyoyasikia kabla hajalala.

Asubuhi moja ya mwezi wa Januari, siku ya Alhamisi, kijana mmoja alikuja kwenye dirisha letu. Alitwambia, "Shikamoo, mzee." Tukamjibu marahaba huku macho yakiwa bado kwenye jalada. Akasema kuwa mwenzake waliyepanga naye chumba, mtu wa nyumbani, alikuwa amefariki, na maiti ilikuwa hospitalini. Tulimpa pole, tukampa na karatasi yenye orodha: pasipoti ya marehemu, hati ya daktari, hati ya kifo ya serikali ya pale. Tukamwambia avikusanye vyote, arejee Jumatatu. Hayo tuliyoyasema yalikuwa sahihi, na kanuni ndivyo zilivyotaka. Kijana aliipokea karatasi, lakini hakuondoka.

Balozi alikuwa akipita, koti lake la baridi mwilini, akienda kuonana na wakuu wa wenyeji. Akasimama.

"Kijana, marehemu ni mtu wa wapi?"

"Wa Newala, mzee."

"Mama yake yu hai?"

"Yu hai. Hajaambiwa. Hatujui nani amwambie."

Balozi alivua koti. Kisha akatugeukia sisi, akauliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, huko kwenu Muheza, habari ya msiba hupelekwa na nani?"

Tukajibu, "Balozi wa nyumba kumi, Mzee."

"Basi," akasema, wala hakuongeza neno.

Aliomba radhi kwa wenyeji wake kwamba angechelewa kwa saa moja. Hakumpigia simu mama wa marehemu. Alitafuta kiongozi wa serikali huko Newala, akamwomba kwanza apatikane mjomba, maana kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye sauti. Kisha mjomba afuatane na wanawake wawili watu wazima, ili mama aisikie habari ile kwa kinywa cha mtu, na pawepo mikono ya kumshika. Jioni, viti vya sebule ya balozi viliondolewa, ikatandikwa mikeka. Walikuja Watanzania wapatao arobaini, Waislamu kwa Wakristo. Mkewe balozi alipika wali na maharage. Fungu la serikali la kusafirishia maiti halikuwapo, basi mwanafunzi mmoja kutoka Bukoba akafungua daftari la michango, na jina la kwanza lilikuwa la balozi mwenyewe. Ilichukua siku kumi na moja mpaka jeneza likapanda ndege. Katika siku hizo balozi hakuacha kazi moja. Usiku wa pili tu wa matanga alikuwa kwenye sherehe ya taifa jingine, akitabasamu na kupeana mikono, na hakuna mgeni aliyejua alikotoka.

Hatusemi kwamba balozi anaweza kila jambo. Alikuwapo raia wetu mwingine aliyehukumiwa kifungo. Balozi alimtembelea na kumtafutia wakili, lakini kumfungua hakuweza, kwa kuwa sheria ilikuwa ya wenyeji. Aliporudi siku hiyo alinyamaza mpaka jioni.

Baada ya miezi mitatu ilifika barua ya mjomba kutoka Newala. Alimshukuru balozi, na mwishoni akamshukuru na "karani wa dirishani aliyetengeneza karatasi". Kazi yetu ilikuwa kuitia barua ile katika jalada. Tuliitia, lakini kwa aibu, kwa sababu tulijua kuwa mtu yule alitushukuru kwa tulichokifanya baada ya kuonywa. Usiku huo tulitunga ubeti huu:

Balozi ndiye nyumbani, hodi zote hupigiwa,
Akiwapo ugenini, mwenziye aliyefiwa,
Ampe mkeka chini, apate kufarijiwa,
Bendera mlingotini, watu imepandishiwa.

Pwani yetu haikuanza jana kutuma wajumbe. Mwaka 1840 Ahmad bin Naaman alitumwa na Sayyid Said wa Unguja, akafika New York kwa merikebu iitwayo Sultana. Baada ya uhuru, Salim Ahmed Salim aliteuliwa kuwa balozi nchini Misri mwaka 1964, naye ana umri wa miaka 22 tu. Baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, tangu 1989 hadi 2001. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hayo ni mambo ya kujivunia, na walimu wafanya vema kuyafundisha.

Lakini tungependa mwanafunzi ajifunze na jambo jingine. Mara nyingi twaulizwa balozi apeleke nini ng'ambo ili utamaduni wetu ujulikane, na jibu huwa ngoma, vinyago na kanga. Vipelekwe. Ila mtu aliyefiwa katika nchi ya theluji hakuja kutafuta ngoma. Alikuja kutafuta baraza ya kupigia hodi. Baba yetu alikuwa na baraza hiyo Muheza bila ya kusoma mkataba wowote, nasi tuliokulia juu yake ndio tuliompa mfiwa karatasi.