Makindye: Kilima, Baiskeli na Maji Niliyoyaogopa

Ndugu msomaji, ukifika Kampala na kumwambia mwenye bodaboda akupeleke Makindye, shika vizuri kiti chako, kwani safari ni ya kupanda. Kampala ni mji wa vilima, na Makindye ni kimojawapo, upande wa kusini. Jina hilo pia ni la mojawapo ya tarafa tano za jiji hilo. Nyingine ni Kampala ya Kati, Kawempe, Nakawa na Rubaga. Ukisimama juu asubuhi isiyo na ukungu, upande wa mjini unauona msikiti wa Kibuli juu ya kilima chake, na ukigeuka nyuma unayaona maji ya Ziwa Viktoria yaking'aa kama bati jipya. Waganda huliita ziwa hilo Nalubaale.

Nilifika huko Januari 2024, nikiwa nimetumwa na ofisi yangu kwa kazi ya miezi kumi. Nilipanga chumba na sebule katika ua wa bibi mmoja mjane ambaye jirani wote humwita Jjajja, yaani bibi. Mimi ni mzaliwa wa Muleba, mkoani Kagera, kwa hiyo chakula cha Waganda hakikunipa shida hata kidogo. Kwa hakika, hapo ndipo shida ilipoanzia. Ndizi za Jjajja, zilizovundikwa kwa majani ya mgomba na kushushiwa mchuzi wa karanga, zilinifanya nifikishe kilo 93 kabla ya Pasaka. Vifungo vya shati vilianza kulalamika. Muuguzi aliyenipima presha alitazama kipimo, akanyamaza, kisha akapima tena. Kule kunyamaza kwake kulinitia hofu kuliko maneno.

MICHEZO MITATU KWA MPIGO

Mwenzangu mmoja wa ofisini alinishauri nijiandikishe katika mashindano madogo ya wapenzi wa michezo yaliyopangwa kufanyika Oktoba. Yalikuwa ya triathloni. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, mfululizo, bila kupumzika katikati. Mashindano ya kwanza ya jina hilo yalifanyika San Diego, Marekani, Septemba 1974, na mchezo ukaingizwa katika Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Wa Olimpiki huogelea kilomita moja na nusu, huendesha kilomita 40, na humaliza kwa kukimbia kilomita 10. Sisi wanyonge tulipewa nusu yake: mita 750 majini, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu.

Nilikubali haraka, kama mtu anayekubali mkopo. Kukimbia nilijua. Baiskeli nilikua nayo. Nilipofika nyumbani usiku ule ndipo nikakumbuka kwamba sijui kuogelea, na kwamba sikujua kwa sababu maalumu.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi, ilipinduka na kuzama ilipokuwa inakaribia kufika. Mamia ya watu walikufa. Mmoja wao alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyekuwa akipeleka ndizi Mwanza. Nilikuwa na miaka saba. Naikumbuka redio, nawakumbuka wanaume wamesimama uani bila kuzungumza, namkumbuka mama ameketi chini siku tatu. Tangu hapo sisi watoto wake watano tulipigwa marufuku kugusa ziwa. Kutoka nyumbani kwetu tuliliona kila asubuhi, lakini maji tuliyoyajua yalikuwa ya ndoo. Aliyeumwa na nyoka, walisema wahenga, akiona ung'ongo hushtuka.

Basi nilikaa kitandani nikafanya kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu: nikaandika andalio la somo. Kutoka rahisi kwenda gumu, kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Kwanza miguu, pili baiskeli, mwisho maji.

MIGUU

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nateremka hadi mzunguko wa Kibuye, ulio chini ya kilima, kisha napanda tena. Kuteremka kulikuwa raha. Kupanda kulinionyesha kila ndizi niliyokula tangu Januari.

Waganda wana salamu moja ambayo sitaisahau. Wakimkuta mtu yuko kazini humwambia "Gyebale," yaani ahsante kwa kazi. Wanawake waliokuwa wakifagia mbele ya vibanda, wachoma chapati, askari wa zamu, wote waliniambia, "Gyebale, ssebo!" Awali niliona haya, maana sikuwa nalima wala kujenga, nilikuwa napunguza tumbo. Baadaye nilizoea, na siku nyingine salamu hiyo ndiyo iliyonifikisha juu. Wazee waliniongezea "mpola mpola," neno ambalo sisi wa Kagera halitupi tabu kulielewa: polepole.

Juu ya kilima ipo kambi ya jeshi. Wakati wa utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, kambi hiyo ilikuwa pia jela ya kutisha, na wengi walioingizwa humo hawakutoka. Mzee mmoja jirani aliniambia kwamba siku hizo mtu akipita hapo alitazama unyayo wake tu. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu Kagera, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akauacha bila kusema neno. Sisi wa Kagera tulivamiwa mwaka 1978, na Aprili 1979 askari wa Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Sikuhitaji maelezo zaidi. Kila nilipopita hapo nikihema, nilikumbuka kwamba kupita njia hiyo ukiwa umeinua kichwa ni jambo ambalo watu wamelilipia.

Mwezi Agosti, Joshua Cheptegei wa Uganda alipotwaa dhahabu ya mita 10,000 katika Olimpiki ya Paris, wajukuu wa Jjajja walinipa jina lake. Nalo lilinifaa kwa mbali sana. Cheptegei ndiye aliyekimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35 mjini Monaco mwaka 2020. Umbali huo mimi niliukimbia kwa dakika 38. Katika muda wangu, yeye angekimbia mara mbili, akaoga, akaagiza chai.

BAISKELI

Nilinunua baiskeli iliyotumika, yenye gia sita, nne kati yake zikiwa nzima. Njia yangu ya Jumamosi ilikuwa kutoka Makindye kupitia Lukuli na Buziga hadi Munyonyo ufukoni, kisha Ggaba, halafu kupanda barabara ya Ggaba kupitia Bunga na Kansanga hadi Kabalagala, na kurudi nyumbani. Ni njia ya kumfundisha mtu unyenyekevu, kwani kila mteremko una kilima kinachoudai.

Siku moja, kwenye mpando wa Buziga, nilishuka nikawa nasukuma. Kando yangu kulikuwa na mchuuzi naye anasukuma baiskeli, yake ikiwa na mikungu minne ya ndizi. Alinitazama, akatazama baiskeli yangu nyuma na mbele, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mzee, ndizi zako ziko wapi?" Nikamwambia sina, nafanya mazoezi. Akacheka, akanielekeza kidole tumboni: "Kumbe umezibeba ndani!" Tulipofika juu alinimegea ndizi mbivu mbili, akakataa pesa yangu.

Munyonyo ni mahali pa historia. Kabaka Mwanga alikuwa na makao huko mwaka 1886, na hapo ndipo mateso ya mwaka huo ya Wakristo wa ikulu yake yalipoanza. Leo pana kanisa kubwa la kumbukumbu ya mashahidi hao. Ggaba ni mahali pa tumbo. Mitumbwi hutia nanga asubuhi, na samaki huuzwa wakiwa bado wanarukaruka. Akina mama wasomaji wajue kwamba sato huko huitwa ngege, sangara huitwa mputa, na dagaa wa ziwani huitwa mukene. Mukene waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu, wakaliwa kwa viazi vitamu, hawana haja ya kiungo kingine.

Karibu na soko hilo iko mitambo inayovuta maji ya ziwa, kuyasafisha na kuyapandisha hadi matangi ya kilima cha Muyenga, yanakogawanywa mjini. Hata hivyo mfereji wa Nakivubo humwaga maji machafu ya jiji katika ghuba hiyo hiyo. Isitoshe, ufukoni mwa ziwa kuna konokono wanaobeba kichocho. Kwa hiyo aliyefikiri nilijifunzia kuogelea Ggaba anisamehe. Nilikwenda kwenye bwawa la hoteli na kulipa kiingilio.

MAJI

Mwalimu wangu alikuwa binti wa miaka 22. Tulipatana: yeye anifundishe kuogelea, mimi nimfundishe Kiswahili, kwani Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, naye alitaka kuwa tayari kabla ya wenzake. Hivyo kila mmoja wetu alikuwa mwalimu na mwanafunzi, ila mimi ndiye niliyekuwa nikitetemeka.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye ngazi ya bwawa, maji yamenifika magotini, kwa dakika ishirini. Watoto wa miaka sita walinipita wakiruka kama vyura. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga; mimi nilikuwa nimeyavulia nguo na bado natafuta budi. Binti hakunicheka. Alisema, "Mwalimu, leo hatuogelei. Leo tunapuliza tu." Nikatia uso majini nikapuliza mapovu, kama mtoto na soda yake. Hilo ndilo lilikuwa somo zima.

Wiki ya pili alinieleza jambo nililopaswa kulijua zamani. Mtu aliyejaza pumzi kifuani, akalala na kulegeza shingo, huelea. Anayeogopa huinua kichwa kutafuta hewa. Kichwa kikipanda, miguu hushuka, na mwili wote huifuata. Tena wengi hubana pumzi majini, ilhali inatakiwa kuitoa polepole uso ukiwa ndani ya maji, kisha kuvuta nyingine kwa kugeuza kichwa kando.

Mwezi Juni nilielea kwa mara ya kwanza, chali, macho yakitazama mawingu ya Kampala. Masikio yalikuwa ndani ya maji, kelele zote zilikoma, nikausikia moyo wangu. Nikamfikiri mjomba. Sisemi kwamba angalijua kuogelea angalipona; meli ikipinduka na watu wakiwa ndani, ujuzi huo hautoshi, na dawa ya kweli ni kutojaza chombo kupita kiasi. Lakini niliona kwamba miaka 28 nilikuwa nimeyachukia maji kwa niaba yake, na hayo maji hayakuwahi kunijua. Nililia kidogo. Bwawani hakuna anayejua.

SIKU YENYEWE

Jumapili ya Oktoba ilipofika, tulikuwa washindani 41. Mita 750 zilikuwa mara kumi na tano za urefu wa bwawa, nami nilizihesabu kwa Kiswahili, huku wajukuu wa Jjajja wakizihesabu kwa sauti kando, wakiruka nambari saba kila mara. Nilitoka majini wa mwisho. Katika haraka ya kuvaa nilivaa fulana nyuma mbele, nikaendesha kilomita 20 nambari yangu ikiwatazama walionifuata, yaani hakuna. Kwenye baiskeli niliwapita wawili, na kwenye mbio mmoja akakaa chini kwa kubanwa na misuli. Nilimaliza wa 38, kwa saa mbili na dakika 13. Kilo zangu zilikuwa 81, na muuguzi, alipopima tena, hakunyamaza.

Jioni nilimpigia mama simu Muleba. Sikuwa nimemwambia chochote miezi yote ile. Nilimweleza mbio, akacheka. Nikamweleza baiskeli na yule mchuuzi wa ndizi, akacheka zaidi. Kisha nikamwambia nimeogelea. Simu ilikuwa kimya hata nikadhani imekatika.

"Maji yalikufika wapi?" aliuliza hatimaye.

"Yalinipita kichwa, mama."

Akanyamaza tena. Nilimsikia akimwambia mtu mlango ufungwe, kuku wameingia. Kisha akasema, "Ukija Desemba, uwafundishe na hawa wajukuu. Lakini mimi nitakaa hapo kando, na nitashika kamba."

Ndugu msomaji mwenye watoto na unayeishi kando ya ziwa, mto au bahari, usingoje mtoto awe na kilo 93. Mtafutie mtu anayejua, mahali penye maji safi na tulivu, na mtu mzima asiyeondoa macho. Wakipanda chombo, wavishwe maboya. Chombo kikijaa, wasubiri kingine. Anza kwa kupuliza mapovu. Desemba ile tulianza hivyo, watoto wanne na mimi, na mama ameketi kwenye kigoda chake, kamba mkononi.