Kwa nini sombe yetu haijapata mlango ng'ambo

Katika arusi nyingi za Goma, meza ya chakula haikosi beseni la salade russe: viazi vilivyokatwa vidogo-vidogo, karoti, njegere, mayai na mayonezi. Mara nyingi viazi hivyo na karoti hizo zimetoka Kibumba, kwenye udongo mweusi wa volkano, zikashuka na barabara ya Rutshuru ndani ya magunia. Mkulima wa Kibumba analima saladi ya Warusi, hata kama hajawahi kumwona Mrusi shambani kwake.

Lakini Goma imewaona Warusi. Kwa miaka mingi, wakati wa vita na baada yake, ndege za Antonov zilikuwa zikitua hapa na kuruka, na marubani wake wengi walikuwa Warusi na Waukraine. Kikosi cha helikopta cha Ukraine nacho kilikuwa ndani ya MONUSCO mpaka mwaka 2022, serikali yao ilipokiita nyumbani kwa sababu ya vita ya kwao. Watu hao walikunywa bia yetu na kununua nyanya zetu. Hata hivyo, ukimwomba mtu wa Birere au wa Majengo akutajie chakula kimoja cha Kirusi, hatakuwa na kingine cha kutaja ila hiyo saladi ya arusi.

Na saladi yenyewe haikuletwa na marubani. Ilianzia Moscow katika miaka ya 1860, kwenye hoteli ya kulia chakula iliyoitwa Hermitage, na mpishi wake alikuwa Lucien Olivier, mtu mwenye jina la Kifaransa. Warusi mpaka leo wanaiita Olivier. Sisi tunaiita kwa Kifaransa, na jina hilo linaonyesha mlango ilioingilia: jikoni za wazungu wa wakati wa ukoloni, halafu jikoni za hoteli, halafu arusi zetu. Chakula kilisafiri bila watu wake. Watu wake walipofika, wao wakaja bila chakula.

Hapa ndipo pa kufikiri kidogo. Chakula cha kila siku cha Mrusi ni supu ya kabichi, viazi, uji wa nafaka na mkate mweusi. Mtu wa Kibumba akisikia hivyo atacheka, maana kabichi na viazi ndivyo vinavyomlea yeye pia, huku juu kwenye baridi. Jirani za Warusi, kama Wapolandi, na hata Wajerumani walio mbele kidogo, nao wanapika kabichi na viazi. Ukipeleka supu ya kabichi kwa mtu ambaye mama yake anaipika jioni hii, atakulipa ya nini? Warusi waliokimbilia Paris baada ya mapinduzi ya 1917 walifungua mahali pa kulia, lakini walichouza sana ni anasa: mayai ya samaki, vodka, muziki wa usiku. Wale wa Brighton Beach, mjini New York, walifungua pia, na wateja wao wakubwa ni wao wenyewe, siku za arusi na za kuzaliwa. Kabichi ya kila siku ilibaki nyumbani.

Sasa tazama Wahindi. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa mpaka ziwa Victoria. Wengi walirudi kwao, wachache wakabaki, na nyuma yao wakaja wafanyabiashara waliofungua maduka mpaka kwenye miji midogo. Unga, mafuta na chuma cha kukaangia vilikuwa dukani, mwenyeji akaona jinsi wanavyosukuma, akajifunza. Leo chapati inauzwa kandokando ya barabara kuu ya Kibumba, na Uganda wameizungushia yai wakaiita rolex. Anayeila haoni kama anakula chakula cha mgeni.

Wahindi wengine walikuja Kivu na kofia za buluu. Askari wa India wa MONUSCO wamekaa katika jimbo hili miaka mingi kuliko wafanyabiashara wengi, na kambi zao zilikuwa karibu na sisi kabisa. Chakula chao kilipikwa ndani ya uzio, kutokana na vyakula vilivyoletwa na magari yao. Harufu ya bizari ilivuka waya, sahani haikuvuka. Ni taifa moja, ila hao wa mwanzo walikuwa na duka lililofunguka barabarani, na hao wa pili walikuwa na geti lenye mlinzi.

Tusisahau pia sambaza. Samaki huyo mdogo, ambaye leo Goma inamwita wake, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika akatiwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hakuwa na mtetezi wala tangazo. Alikuwa mwingi, alikuwa rahisi, na alikaangwa mbele ya macho ya mnunuzi.

Basi tugeukie chakula chetu sisi, maana watu wetu pia ni wageni sasa katika nchi nyingi. Tangu vita iliporudi mwaka 2022, familia nyingi za Kibumba zililala Kanyaruchinya na kwingine pembeni ya Goma. Mwanzoni mwa 2025 kambi hizo zikaondolewa na watu wakatawanyika tena. Wengine walirudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wengine wakavuka mpaka. Wakongomani wako Nakivale na Kampala, wako Nairobi, wako Marekani, Kanada na Australia. Wanapika bugali, sombe, maharage, makayabu na lengalenga. Je, ni nani asiyekuwa Mkongomani anayekwenda kununua sahani hiyo?

Nchi jirani jibu linaeleweka upesi. Mganda ana posho yake, Mkenya ana ugali wake na sukuma wiki. Mama aliyekimbia na kufika Kampala akiweka meza ya bugali na maharage, anauza kile ambacho kila jirani anacho ndani. Ndiyo kabichi ya Mrusi kwa Mpolandi. Kwa hiyo wengi wanaacha vyakula vyao na kuuza vile ambavyo mwenyeji amekwisha kuvizoea: chapati, mandazi, mihogo ya kukaanga. Mkono ni wa Kivu, chakula ni cha wenyeji. Anapata pesa ya unga, na watoto wanakwenda shule, lakini hakuna mteja anayejua kwamba mama huyo anajua kupika sombe ya karanga na mafuta ya mawese.

Na pale sombe ilipofaulu kuvuka, ilipoteza jina la kwao. Rwanda na Burundi wanaiita isombe, iko kwenye meza za mahoteli ya Kigali, na mtalii anaambiwa ni chakula cha Rwanda. Hakuna haja ya kugombana. Chapati nayo haina tena pasipoti ya India, na muhogo wenyewe ulitoka Amerika, ukaletwa na merikebu za Wareno. Kibumba kwenyewe muhogo haupendi baridi yetu, majani yake tunayanunua kwa watu wa chini. Hivyo sombe ni mgeni hata katika nyungu zetu.

Ng'ambo, mbali na majirani, habari ni nyingine. Kule ugali si kitu cha kawaida, kwa hiyo ungeweza kuuzwa kama jambo jipya. Waethiopia wamefanya hivyo. Baada ya mapinduzi ya 1974 wengi wao walikimbilia Marekani, na mji wa Washington ukawa na barabara nzima za injera. Nairobi pia wako. Walikuwa na mambo mawili ambayo sisi hatuna. Kwanza, Kanisa lao linafunga Jumatano na Ijumaa na siku nyingine nyingi bila nyama wala maziwa, kwa hiyo walikuwa na vyakula vingi vya dengu na mboga tayari kabisa, kwa wakati ambao Wamarekani wengi walikuwa wanaanza kukataa nyama. Pili, sinia moja watu wote wanakula kwa mkono. Mgeni anaona amekwenda safari bila kupanda ndege. Na tuseme ukweli, waliofika mwanzo walikuwamo watu wa mji, wenye masomo, waliojua karatasi za biashara.

Watu wetu wengi walifika wakitoka kambini, baada ya miaka kumi au kumi na tano ya kungoja. Walipopokelewa Marekani, walitakiwa kupata kazi haraka, na kazi iliyopatikana ilikuwa kiwanda cha nyama, ghala, usafi wa hoteli. Kufungua mahali pa kuuza chakula kunataka pesa ya pango, kibali cha afya, jiko lililokaguliwa, na Kiingereza cha kubishana na ofisi. Wanaoshindwa hapo ujuzi wa kupika wanao kamili.

Halafu kuna sombe yenyewe. Majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Goma kazi hiyo inafanywa na kinu, mikono ya wasichana wawili na makala mengi. Nchi ambako saa moja ya mfanyakazi ni ghali, hesabu inakataa. Siku hizi majani yanauzwa yakiwa yametwangwa na kugandishwa, ndani ya mifuko, kwenye maduka ya Waafrika. Hilo limesaidia sana nyumba. Kwa mteja mgeni bado kuna shida ya macho: sombe ikiiva ni kijani kizito kisichopendeza kwenye picha, na wateja wa leo wanachagua kwa picha. Injera ina rangi saba juu yake. Sombe ina moja.

Matonge ya Brussels, mtaa uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa, unaonekana kama unapinga maneno haya. Kule Wakongomani wana milango ya kulia, na hata Wabelgiji wanaingia. Lakini wanaagiza nini? Kuku wa moambe. Chakula hicho Wabelgiji walioishi Kongo walikizoea wakiwa huku, wakarudi nacho. Mlango ulikuwa umefunguliwa na ukoloni kabla ya mpishi kufika. Tena moambe ni sauti ya magharibi, ya Kinshasa na Kongo ya Kati. Mchanganyo wetu wa Nyiragongo, viazi na maharage na mboga ndani ya nyungu moja, haujulikani Brussels, na hata Kinshasa ni wachache wanaoujua.

Kinachoumiza si kukosa sifa kwa wageni. Mzungu asipokula sombe, sombe haifi. Inaweza kufa kwa watoto wetu. Mtoto aliyezaliwa njiani mwaka 2022 amekula unga wa mahindi wa PAM, amekula alichopewa na jirani, lakini viazi vya shamba la bibi yake amevisikia tu kwa maneno. Mwenzake aliyezaliwa ng'ambo anaomba pizza, na akiletewa bugali shuleni wenzake wanamuuliza ni nini hicho, kesho yake anakataa kuubeba. Chakula chenye mlango barabarani kinamsaidia mtoto kama huyo: anaona wageni wanakilipia, anajua si cha kuficha. Chakula kisicho na mlango kinategemea mtu mmoja, na mtu huyo ni mama aliyetoka kazini usiku.

Kwa hiyo kwa sasa kinaishi Jumamosi, kwenye arusi, kwenye matanga, baada ya ibada katika ukumbi wa kukodi. Kinaishi pia ndani ya simu. Dada aliyefika mbali akiwa na miaka kumi na mbili, na ambaye sasa ana watoto, anatuma sauti kwa WhatsApp kwa mama mkubwa wake aliyebaki huku. Amenunua mfuko wa majani yaliyogandishwa, ana karanga, mafuta ya mawese hakuyapata. Anataka kujua sombe inakaa dakika ngapi juu ya moto, maana jiko lake lina saa.

Jibu linarudi jioni, mtandao unapokubali: "Mwanangu, sombe haina dakika. Ionje. Ikiwa bado inakukwaruza kwenye koo, funika tena."